Ndege ikimulika ziwa usiku, macho ya mvuvi yako salama?

Wasomi wenzangu, tangu MONUSCO ianze kurusha droni kutoka Goma, Desemba 2013, huku kwetu kila kinachonguruma angani usiku kinaitwa droni. Na wavuvi wa ndagala wanauliza: kile kitu hakitatupofusha?

Bon, tutenganishe kwanza. Kamera ya joto haimuliki. Inapokea tu joto la miili na injini. Swali ni la taa ya leza ya infraredi, ambayo ndege nyingine hubeba ili kamera ya usiku ione vizuri. Wewe huku chini hauoni kitu. Mwanga unaoonekana ukikuchoma, kope hufunga ndani ya robo sekunde hivi. Huu usioonekana, jicho linabaki wazi, tena gizani mboni imepanuka. Lenzi ya jicho inaukusanya kwenye nukta moja ya retina, na retina haina maumivu ya kukuonya.

Lakini wati peke yake haitoshi kuhukumu. Chukua leza ya wati 1, nanomita 808, inayowaka mfululizo. Kanuni ya kimataifa IEC 60825-1 inaruhusu jichoni kama wati 16 kwa mita mraba. Mwale ukipanuka mita 1 kila mita 100, hatari inaishia kwenye mita 28 hivi. Ukipanuka mita 1 kwa kilomita nzima, inafika mita 280. Taa ni ileile! Na anayeitazama ndege kwa darubini ya 7×50, umbali huo unazidi mara 7: karibu kilomita 2. Kwa hiyo mimi namhofia zaidi mlinzi wa bandari ya Kalundu kuliko mvuvi aliyeinamia wavu.

Ngozi? Kwa leza hiyo inavumilia mara 200 ya jicho. Anayeweza kuungua ni fundi anayeijaribu uwanjani, mkono ukiwa mbele ya taa.

Sasa Uvira yetu. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari, na milima inapanda palepale nyuma ya mji. Ndege iliyo mita 1000 juu ya maji inaweza kuwa sawasawa na mlango wa mtu wa kule juu. Umbali unapimwa kutoka kwenye taa hadi kwenye jicho, siyo hadi ziwani. Basi rubani au mwenye droni aulizwe: mwale unapanuka kiasi gani, na ukigeuka kuelekea mlimani, nani anauzima?