Ngozi ya Mbuta ni Mali

Mbuta, samaki aliyetiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, ajulikana na kila mkazi wa Kisumu. Minofu yake huuzwa ng'ambo, bali ngozi nyingi zilitupwa, hata mafundi wa Kisumu walipoanza kuzishonea viatu na mikoba.

Kwa hadubini, ngozi hiyo yaonekana kuwa nyuzi za kolajeni zilizopishana tabaka kwa tabaka, mfano wa mkeka. Ili kupima nguvu zake, wataalamu hukata vipande, kimoja kwa urefu wa samaki na kingine kwa upana, maana nguvu zao hazilingani. Kisha mashine huvivuta polepole hata vikatike.

Basi, mvuvi, usiiache ngozi juani. Ikioza, nyuzi hulegea, wala hakuna dawa ya kuzirudishia nguvu. Itie chumvi mara moja.