Daktari Binafsi na Timu ya Afya ya Msingi Nzuguni

Kata ya Nzuguni, iliyo upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma kwenye barabara iendayo Morogoro, imejaa makazi mapya tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na sasa ndiko kuliko stendi kuu ya mabasi na Soko Kuu la Job Ndugai. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika eneo la jiji zima, na ile ya 2022 ikawakuta 765,179. Kwa ongezeko la namna hiyo, zahanati za umma haziwezi kuubeba mzigo peke yake, na daktari mwenye kliniki yake binafsi hana budi kuhesabiwa miongoni mwa wanaoulinda uhai wa wakazi.

Hata hivyo daktari huyo na zahanati ya umma wamezoea kufanya kazi kila mmoja kivyake, na chanzo kimojawapo ni historia. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara, ikaziachia nafasi taasisi za dini na za hiari, na mlango haukufunguliwa tena hadi sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 1991. Tiba binafsi ikarudi kama biashara iliyo pembeni ya mfumo, ilhali mashirika ya dini yalikuwa na njia ya kuingia mkataba na Serikali, hata baadhi ya hospitali zao zikawa Hospitali Teule za wilaya.

Timu ya afya ya msingi ni kundi la watumishi wanaogawana wajibu juu ya wagonjwa walewale: tabibu anayepima na kuandika dawa, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yaani mkazi aliyefunzwa kuzitembelea kaya. Mpango wa kitaifa wa wahudumu hao, uliozinduliwa Dodoma Januari 2024, umelenga kuwapata 137,294 katika miaka mitano.

Faida ya kuziunganisha pande hizi huonekana zaidi katika maradhi ya kudumu. Mgonjwa wa shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, hupimwa kliniki, akapewa dawa za mwezi mmoja, na akijisikia nafuu huziacha bila daktari kujua, kwa kuwa kliniki ya mtu mmoja haina wa kumtuma nyumbani kwake. Mhudumu wa jamii hupita mtaani humo, lakini hana orodha ya wagonjwa wa kliniki hiyo. Kiharusi humkuta mgonjwa katika pengo hilo, na inauma kwamba wangeweza kukizuia watu wawili wanaofanya kazi katika kata ileile.

Kikwazo kikubwa ni malipo. Bima ikimlipa daktari kwa kila huduma, yaani kwa kila kipimo na kila mahudhurio, ufuatiliaji wa mgonjwa asiyekuja haumpatii kitu. Mvutano wa Machi 2024, vituo binafsi viliposusia kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulihusu bei za huduma mojamoja, na ufuatiliaji huo haukuwa kiini cha mabishano. Katika jimbo la Ontario, Kanada, timu za afya ya familia zilizoanza mwaka 2005 zilifuata njia nyingine: madaktari wengi waliojiajiri hulipwa kwa sehemu kubwa kulingana na idadi ya watu waliojiandikisha kwao, na jimbo hugharamia wauguzi, wafamasia na maofisa ustawi wa jamii wanaofanya kazi nao.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaipa Dodoma fursa ya kujaribu jambo la aina hiyo, kwa kuanzia na wagonjwa wa presha na kisukari, ili kaya za Nzuguni ziandikishwe kwa daktari na kwa timu kwa pamoja. Mkataba wa kuziunganisha pande hizo utaje mambo mawili kabla ya bei: nani anatunza jalada la mgonjwa, na rufaa inarudi vipi. Daktari akimpeleka mgonjwa hospitali, majibu yamfikie yeye na muuguzi wa zahanati, na jina la mgonjwa aliyekosa dawa limfikie mhudumu wa mtaa wake ndani ya wiki hiyohiyo, kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa siri inayotakiwa na taaluma.