Jiwe la Katanga, bomu la 1945 na maji ya Rufiji

Kilwa haikuchimba dhahabu. Dhahabu ilitoka bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, na masultani wa Kilwa wakaishika njia ya Sofala. Kwa ushuru wa njia hiyo ilijengwa Husuni Kubwa, ukapanuliwa Msikiti Mkuu, zikafuliwa sarafu za shaba zenye majina ya masultani. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Aliyeshika bandari ameandikwa katika historia. Aliyeshuka shimoni hajulikani hata jina. Mtu wa pwani hii, basi, ana macho mazuri ya kuisoma habari ya bomu la atomu, kwa sababu nayo ni habari ya jiwe la bara na watu walioshika njia yake.

Masimulizi tuliyoyazoea huanzia Marekani: Einstein na barua yake, Oppenheimer na maabara ya Los Alamos. Lakini Los Alamos hakukuwa na urani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Mradi wa Manhattan, ule wa Marekani uliounda bomu hilo, karibu theluthi mbili, ilitoka Kongo, katika machimbo ya Shinkolobwe karibu na mji wa Likasi, Katanga. Huko ni kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, ingawa chao kina ladha yake.

Ili kufahamu kwa nini shimo moja lilikuwa na uzito huo, inatupasa kwanza kufahamu kinachotendeka ndani ya jiwe. Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu, elementi yenye uzito wa kama nusu yake. Aliyeelewa maana yake ni Lise Meitner, mwanafizikia mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa amewakimbia Wanazi hadi Sweden, akishirikiana na Otto Frisch, mtoto wa dada yake. Walieleza kuwa kiini cha urani kimepasuka vipande viwili na kutoa nishati nyingi mno. Kikipasuka hutoa pia nyutroni mbili au tatu. Hizo zikigonga viini vingine, navyo hupasuka. Mfululizo huo ukidhibitiwa unachemsha maji ya mtambo wa umeme. Ukiachiwa wote kwa mara moja, ni bomu.

Kuna kikwazo. Katika kila atomu 1,000 za urani ya asili, kama 7 tu ndizo za urani-235, ambayo hupasuka kwa urahisi. Zilizobaki karibu zote ni urani-238. Kwa kemia aina hizi mbili hazitenganishiki, maana tabia zake ni moja. Zinapishana uzito tu, tena kwa kiasi cha sehemu moja na kidogo katika 100.

Hapa nataka nisimame kidogo Morogoro. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mawe ya urani ya milima ya Uluguru yalipelekwa Ulaya, na mwaka 1906 Willy Marckwald akatambua ndani yake madini mapya, rutherfordini. Miaka michache baadaye Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima risasi iliyomo katika mawe hayo ya Morogoro, yaani risasi iliyozaliwa na urani yenyewe ilipokuwa ikichakaa polepole. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomu wa 207.2, ya Morogoro ilikuwa karibu 206.05. Elementi ni ile ile, uzito mwingine. Ulikuwa mmoja wa uthibitisho wa mapema kwamba isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, zipo kweli, na bila wazo la isotopu hakuna ambaye angejua atafute nini ndani ya urani. Inanisikitisha kwamba wanafunzi wetu wa kemia humaliza kidato cha sita bila kusikia kwamba somo hilo lilipata ushahidi wake katika ardhi yao.

Turudi kwenye hesabu. Bomu lililoangushwa Hiroshima lilikuwa na kilo 64 za urani iliyorutubishwa, ambayo kiasi cha sehemu 80 katika 100 ilikuwa urani-235. Kupata kiasi hicho, hata kama hupotezi chembe katika kutenganisha, unahitaji zaidi ya tani 7 za urani ya asili. Kwa mitambo ya wakati ule ilihitajika mara nyingi zaidi ya hapo. Mawe yaliyonunuliwa kutoka Shinkolobwe mwaka 1942 yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha sehemu 65 katika 100, kwa hiyo tani 7 hizo zinapatikana katika mawe ya tani 13 hivi. Baada ya vita, Wamarekani walihesabu jiwe lenye oksidi sehemu 3 katika 1,000 kuwa zuri. Kwa jiwe la namna hiyo ungehitaji kuponda zaidi ya tani 2,000. Tofauti hiyo ndiyo iliyoipa Katanga nafasi yake katika vita.

Aliyeishika njia ya jiwe hilo aliitwa Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Kampuni ilikuwa ikichimba Shinkolobwe kwa ajili ya rediamu tangu miaka ya 1920, ikayafunga machimbo mwaka 1937, na maji yakajaa shimoni. Mei 1939, Sir Henry Tizard wa Uingereza alimwonya Sengier kwamba mali aliyonayo inaweza kuleta maafa ikiangukia mikono mibaya. Agosti mwaka huo barua ya Einstein kwa Rais Roosevelt iliitaja Kongo ya Kibelgiji kuwa chanzo kikuu cha urani. Mwaka 1940 Sengier, bila kungoja kuombwa, aliamuru mawe ya tani zaidi ya 1,000 yapelekwe New York, yakawekwa ghalani Staten Island. Yalikaa pale hadi Septemba 1942, Kenneth Nichols, afisa wa Mradi wa Manhattan, alipomfuata Sengier ofisini na wakakubaliana kwa muda usiozidi saa moja. Kisha wahandisi wa jeshi la Marekani wakasaidia kuyafungua tena machimbo.

Je, ni jiwe basi lililoamua mshindi? Hapana, si jiwe peke yake, na hapa wapo wanaokosea kwa kuivuta habari upande wa Afrika kupita kiasi. Ujerumani ilipoiteka Ubelgiji mwaka 1940 ilikuta huko shehena ya Union Minière, zaidi ya tani 1,000 za urani iliyotoka Katanga hiyo hiyo. Ilikuwa na wanasayansi wa daraja la kwanza, akiwemo Werner Heisenberg. Lakini ilikosea kupima grafaiti ya kupunguzia nyutroni mwendo, ikategemea badala yake maji mazito kutoka Norway ambayo makomando wa Kinorwe waliyaharibu Februari 1943, na tangu 1942 wakubwa wake hawakutaka kuweka fedha katika silaha isiyoweza kuwahi vita. Sehemu kubwa ya urani hiyo ilikutwa na kikosi cha Washirika huko Stassfurt, Aprili 1945. Japani ilikuwa na Yoshio Nishina na maabara yake Tokyo, ila jiwe haikuwa nalo. Nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa ikiwapelekea kilo 560 za oksidi ilijisalimisha njiani, Mei 1945. Marekani pekee ilikuwa na vyote: jiwe, dola bilioni 2, wafanyakazi zaidi ya 100,000, na nchi isiyofikiwa na ndege za adui.

Waliochimba hawakuambiwa wanachimba nini. Walichambua mawe yenye mionzi kwa mikono, wakayatia katika magunia. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Lubumbashi, ikiitwa Elisabethville wakati huo, askari waliwafyatulia risasi uwanjani, wakaua makumi ya watu, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Watu hao wanastahili kutajwa pamoja na Oppenheimer.

Pwani ya Lindi nayo ilikuwa ndani ya vita hivyo. Wajapani walipoziteka nchi za Asia zilizokuwa zikitoa nyuzi, makonge ya Tanganyika yakawa mali ya vita, na serikali ya kikoloni ikawalazimisha watu kwenda mashambani. Vijana wa Tanganyika, keya kama walivyoitwa, walipigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakipita bonde la Kabaw mwaka 1944 chini ya mvua na malaria. Bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, na la Nagasaki siku tatu baadaye, lililotumia plutoni inayotengenezwa kwa urani, yalifuatiwa na Japani kusalimu amri. Vita vya keya vilimalizwa na silaha iliyotokana na jiwe la jirani zao.

Haya yote yangekuwa historia tu kama si Mto Mkuju. Katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, kuna hazina ya urani ambayo kwa ajili yake mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulirekebishwa mwaka 2012, na kiwanda cha majaribio kikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2025. Mradi uko mikononi mwa kampuni ya Kirusi. Urani hiyo haiwezi kulipuka bila kurutubishwa, na Tanzania imefungwa na Mkataba wa Pelindaba unaopiga marufuku silaha za nyuklia barani Afrika tangu ulipoanza kutumika mwaka 2009. Sidai kwamba Mkuju ni Shinkolobwe mpya.

Ila maji ya eneo lile huelekea Mto Luwegu; Luwegu ukikutana na Kilombero unakuwa Rufiji, unapita bwawa la Julius Nyerere, na kumwaga deltani, kaskazini mwa Somanga na Kilwa Kivinje. Ni maji ya kamba, ya mikoko na ya mpunga. Machimbo yakishaanza kwa nguvu, swali la kama maji yamebadilika litajibika tu iwapo tunajua yalikuwaje kabla.

Kwa hiyo madiwani wa Kilwa na wenzao wa Rufiji waombe sasa, kwa maandishi, kwamba Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ipime maji, matope na samaki wa delta kabla ya uzalishaji mkubwa, irudie kila mwaka, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya kata na kila mwalo. Wavuvi nao wahudhurie mikutano na wadai kuyasoma.