Kabla ya kupanda, angalia kamba

Ndugu mutumikaji, tarehe 14 Julai 1865 watu 7 walikuwa wakishuka mulima Matterhorn, kule Uswisi, wamefungwa pamoja kwa kamba. Mumoja akateleza, akavuta wenzake. Kamba ikakatika katikati: 4 wakaanguka, wakafa, 3 wakapona. Kamba za nguvu zilikuwako, lakini pale palifungwa ile nyembamba ya zamani.

Leo wapanda-miamba wanatia kamba kwenye vyuma viwili ao zaidi vilivyokazwa katika jiwe: kimoja kikitoka, kingine kinashika. Tena kila mutu anaangalia fundo la mwenzake.

Nawe unayetumika juu, pitisha kamba yote mukononi. Nyuzi zimekatika? Usipande, mwambie kapita. Bibi na watoto wanakungojea nyumbani.