Mzee Mikononi mwa Mgeni

Katika mji wa Istanbul iko nyumba iitwayo Darülaceze, yaani nyumba ya wasiojiweza, iliyofunguliwa mwaka 1896 katika zama za Sultani Abdulhamid wa Pili. Uani mwake mlijengwa msikiti, kanisa, na sinagogi la Mayahudi, ili kila mkaazi apate kuabudu kama alivyozoea kwao. Mkate wa hapo haukuwa bei ya dini ya mtu.

Wengi wetu huwapelekea wazee wa nyumba kama hizo tende mwezi wa Ramadhani, na ni jambo jema. Lakini, ndugu msomaji, tende huliwa mara moja; kuoshwa ni kila siku. Je, mzee amepigiwa hodi? Amesitiriwa kwa shuka anapooshwa? Ameitwa kwa jina lake, au “yule wa kitanda cha tatu”? Aya ya 23 ya Sura Bani Israil inamkataza mtoto hata kuwagunia wazazi wake waliozeeka. Basi mtumishi aliyekaa mahali pa mtoto, kuguna kwake humchoma mzee vile vile, tena mzee huyo hana wa kumshitakia.