Asumini Yataka Maji Matamu

Nyumba zetu za mawe hapa Lamu zimeupa mtaa mgongo, uso wake uko kiwandani. Katika kiwanda chetu, tangu nipate akili, palikuwa na mtungi wa zamani uliotoboka chini, na ndani yake mwasumini wa mama. Kabla ya magharibi aliyachuma matumba yangali yamefumba, kwani ua hili hufunguka usiku. Mengine aliyatia katika vikuba pamoja na rehani na mkadi. Mengine yalikwenda kwa jirani katika kisahani, wala kisahani hakikurudi kitupu.

Mama alipofariki, mtungi ule nikaurithi mimi. Kwa hakika, ndugu msomaji, nilikuwa hodari wa kulisifu ua kwa mashairi kuliko kuutunza mti wake. Nilidhani mti wenye majani mabichi mwaka mzima hauna haja na mtu. Ikaja kaskazi, jua likawa kali, nikawa nikiumwagia maji ya kisima asubuhi na jioni. Ncha za majani zikaungua. Nikazidisha maji, nao ukazidi kudhoofu.

Bibi mmoja jirani akaja, akateka maji kiganjani, akaonja, akatema.

"Mwanangu, waunywesha chumvi! Mamako akikinga mvua."

Akaniamuru niukate matawi hadi nusu, kwani maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Nibadilishe udongo, nichanganye mchanga na samadi ya punda iliyokwisha kuoza. Niuweke penye jua la asubuhi, na nisiutilie maji ila udongo wa juu ukikauka. Masika yalipoanza, ukachipua. Alhamdulillahi!

Nikamletea bibi yule kisahani cha kwanza. Akacheka, akanionyesha mwasumini wake: ulitoka katika tawi alilopewa na mama, kwani asumini haipandwi kwa mbegu, hupandwa kwa tawi.

Tangu siku hiyo nayatazama kwa jicho jingine matuta ya mchanga ya Shela. Hayo ndiyo hunyonya mvua na kuyaweka maji matamu tunayoteka. Mji wetu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya majumba yake. Lakini matuta yakivurugwa na kujengwa, chumvi itaingia visimani, na majumba yatabaki bila harufu. Basi anayependa kikuba na alilinde tuta.