Arosto Ikiisha, Kazi Ndiyo Inaanza

Zikishapita saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho, pua ya mtumiaji wa heroini huanza kuchuruzika. Jasho linamtoka, tumbo linamkata, mifupa inamuuma. Hali hii mateja wa Dar es Salaam huiita arosto. Hupamba moto siku ya pili au ya tatu, kisha baada ya wiki hivi mwili hutulia. Nyumbani wanashukuru: kijana amepona. Kumbe ndipo anapoingia kwenye hatari kubwa zaidi.

Heroini hushika vipokezi vya ubongo vinavyotuliza maumivu na kupunguza kasi ya kupumua. Ubongo huizoea, ukadai dozi kubwa zaidi. Mtu akiacha, mazoea hayo hupungua haraka, lakini hamu haiondoki nayo. Kupita tu kwenye kijiwe cha zamani kunaweza kuiamsha, hata baada ya miezi mingi. Aliyetoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu, akirudia kipimo chake cha zamani, anaweza kuacha kupumua.

Katika miaka ya 1960, Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek walijaribu njia nyingine jijini New York: methadoni. Dawa hii hushika vipokezi vilevile, ila taratibu, na dozi moja hutosha siku nzima. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu.

Wapo wanaosema huko ni kubadilisha unga kwa unga. Lakini anayesaka kete mara tatu kwa siku hana muda wa kibarua. Aliyekunywa methadoni asubuhi anao.

Muda huo aupeleke wapi? Hapo mazingira ndiyo yenye uzito. Mtafiti Lee Robins alifuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu huko vitani, lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani ni takriban asilimia 5 tu ya waraibu hao waliorudia uraibu. Vita na wauzaji walikuwa wamebaki ng'ambo.

Lakini teja wa Temeke, Dar es Salaam, anatibiwa mtaa uleule alikoanzia. Kwake nauli ya kliniki, kibarua na ndugu wanaokubali kumpokea tena ni sehemu ya tiba, sawa na kikombe cha methadoni.